Maji ya Saba

Watu waliotumwa kuja kufundisha watu wa Kamembe kuishi pamoja walifika na gari lenye vioo vyeusi, wakaliegesha katikati ya njia. Mama mmoja aliyebeba beseni la isambaza, dagaa wa ziwani, kichwani ikabidi apite ndani ya mtaro. Hakuna aliyemwambia pole. Walikuwa na haraka ya kwenda kufundisha upendo.

Aliyeshuka wa kwanza aliitwa Muhigirwa, msimamizi wa mradi unaoitwa Meza Moja. Kazi ya mradi huo, kama ilivyoandikwa kwenye fulana za vijana waliomfuata, ni kukuza mazungumzo kati ya tamaduni. Kwanza lilitoka tumbo, kisha kadi ya shingoni, kisha yeye mwenyewe. Akauliza nyumba ya Laurence, mke wa Ndagijimana fundi viatu.

"Njo hapa, nyumba ni hii," Laurence alijibu. Alikuwa amechuchumaa mlangoni anachagua mawe kwenye mchele. Ulikuwa mchele wa Bugarama, umeletwa na wakwe. Jumamosi binti yake Gasaro alikuwa anaolewa na kijana wa huko, na leo ilikuwa Jumatano.

"Mama, tumesikia habari za sufuria zenu," alisema Muhigirwa, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. "Mgeni wetu wa kesho anatoka Kigali. Anataka kuziona. Tutazitumia kupikia."

Sufuria zenyewe zilikuwa mbili, kubwa, kila moja mtoto angeweza kuogea ndani. Zilinunuliwa kwa mchango wa kichochoro kizima: Wakristo waliorudi kutoka Bukavu, kama Laurence na mume wake, na Waislamu waliokuwa hapa siku zote wakiuza nguo na kushona. Zilipika harusi za wote na matanga ya wote. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba nguruwe haingii humo. Mnyama akichinjwa, anachinjwa na Habimana Sudi, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, ili kila mtu aweze kula. Na ni Habimana huyo huyo aliyesema siku ya kwanza kwamba sufuria zikae kwa Laurence. "Ziende kwa Mama Gasaro. Mi sitaki kulala naangalia sufuria kama polisi." Watu wakacheka, na jambo likaisha hivyo, bila semina.

Laurence alifuta mikono kwenye kitenge chake. "Shefu, tuko na harusi Jumamosi."

"Zitarudi kesho kesho."

"Sawa. Lakini mu hizi sufuria hatupikake nguruwe. Ata kidogo."

Muhigirwa aligeuka kuwatazama vijana wake. "Mnasikia? Anatufundisha sisi!" Vijana wakacheka kwa sababu aliyecheka kwanza ndiye anayewalipa. "Mama, mimi nimesomea mambo ya dini mbalimbali. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Laurence alitaka kuongeza neno, lakini mume wake alimgusa mguu kwa mguu. Ndagijimana ni mtu ambaye husimama wima akiona kadi ya shingoni, hata ikiwa ya mhudumu wa hoteli. Alishazibeba sufuria mwenyewe, moja huku, moja huku, anazipeleka garini kabla hajaombwa.

"Mersi, Papa," alisema kijana mmoja, bila kumsaidia.

*

Ukumbi ulikuwa upande wa uwanja wa ndege. Asubuhi ya Alhamisi watu wa kichochoro walipofika walikuta viti vimegawanywa sehemu mbili na kamba katikati. Upande huu ubao uliandikwa WAKRISTO, upande ule WAISLAMU. Hawajawahi kukaa hivyo maisha yao yote, hata kwenye basi la Bugarama. Wakasimama mlangoni wakitazamana, na vijana wenye fulana wakaanza kuwapanga kwa kuwashika mikono.

"Mimi nakaa na Mama Zaina," alisema Laurence. Mama Zaina ni mke wa Habimana. "Tumekuja wote."

"Mtakaa pamoja baadaye, Mama. Ndiyo maana ya programu."

Habimana alikuwa amevaa jezi yake ya mpira na suruali aliyoishona mwenyewe. Muhigirwa alimtazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Mzee, kanzu iko wapi?"

"Iko nyumbani. Ni ya Ijumaa."

"Sasa mgeni atajuaje wewe ni Mwislamu?"

"Si aniulize?"

Ikatafutwa kanzu. Iliyopatikana ilimfika magotini. "Shefu, hii ni ya mutoto," Habimana alisema, lakini alikuwa amekwisha kuvishwa na kofia ikawekwa juu. Laurence naye, aliyejifunga kitambaa kichwani kama anavyojifunga kila siku akienda soko, aliambiwa akivue, maana watu wangechanganya. Akakaa jukwaani kichwa wazi, nywele hazijasukwa kwa sababu zilikuwa zinangojea Ijumaa, mkesha wa harusi, na mbele yake zaidi ya watu mia. Alijifunika kwa viganja. Kijana akamtoa viganja.

"Nyinyi wawili ndio mfano wetu," Muhigirwa alieleza. "Kwanza mtagombana. Halafu mimi naingia, naleta mazungumzo, mnapatana. Rahisi."

Habimana akamwangalia Laurence. "Tugombane ju ya nini?"

"Juu ya chochote. Dini."

"Leo asubui amenipatia chumvi."

"Mzee, igizeni tu. Mgeni anaingia!"

Mgeni aliingia, mtu mnene mwenye tai, watu wakaambiwa wapige makofi. Muhigirwa akawa anaonyesha kwa macho kwamba waanze. Laurence akawaza, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Kuku yako ilikula unga yangu."

"Si yangu," Habimana akajibu. "Yangu ni nyeupe."

"Nyeupe njo ilikula."

Ukumbi wote ukaangua kicheko, pande zote mbili za kamba. Mama Zaina alicheka hadi akajifuta machozi na ncha ya mtandio. Muhigirwa akaruka jukwaani na kipaza sauti. "Si kuku, jamani! Si kuku! Hapa tunaongea tofauti za kitamaduni!" Akawashika wote wawili mabega akawasogeza. "Na sasa wanakumbatiana!"

Habimana aliweka mikono nyuma ya mgongo. "Mi simukumbatie bibi ya muntu."

"Mnaona, Mheshimiwa?" Muhigirwa alimgeukia mgeni, sura ya huzuni. "Bado kuna kazi kubwa."

Mheshimiwa akatingisha kichwa. Habimana, aliyechinja mbuzi wa kila harusi ya Kikristo ya kichochoro chake, alisimama pale na kanzu ya magotini, akipigwa picha kama ugonjwa.

*

Ilipofika saa ya kula, meza ya wakubwa ililetewa sahani. Watu wa kichochoro walipewa fanta na andazi moja moja. Sufuria ni zao, lakini chakula kilikuwa cha wageni, na hakuna aliyeona haya. Wenye kadi za shingoni hawaoni haya upesi. Laurence hakujali andazi. Alijifunga kitambaa chake, akazunguka nyuma ya ukumbi kuangalia sufuria zake kama mama anavyokwenda kuangalia mtoto aliyemwacha shuleni.

Mpishi alikuwa kijana wa hoteli fulani. Alikuwa anachota.

Kwenye sufuria ya kwanza mlikuwa na wali. Kwenye ya pili vipande vilielea kwenye mafuta, na pembeni ngozi nene nyeupe, nywele fupi bado zimesimama juu yake. Mwiko ulikuwa mmoja. Ulitoka huku ukaingia kule.

"Ni nini hii?" Laurence aliuliza, ingawa pua ilikuwa imekwisha kumjibu.

"Akabenzi, Mama. Nguruwe. Mheshimiwa anaipenda sana. Shefu ameniambia niiweke ya kutosha."

Laurence alikwenda moja kwa moja hadi kwa Muhigirwa, akamkuta anafuta mafuta mdomoni.

"Shefu, nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Nguruwe. Nilikuambia hapana. Sufuria ni za batu bote."

Muhigirwa akamshika mkono, akamvuta hadi kwenye ukuta, na tabasamu lake halikutoka kwa sababu mgeni alikuwa anaangalia. "Mama, alumini inaoshwa. Sabuni ipo. Kwa nini unataka kuharibu siku?"

"Na Jumamosi nitabaambia nini?"

"Hutawaambia kitu. Nani ameona? Wewe tu. Ukianza kutangaza nguruwe, nguruwe, Waislamu, Wakristo, basi mwenye kuleta mgawanyiko hapa ni wewe, si mimi. Na unajua neno hilo lina uzito gani katika nchi hii."

Laurence alijua. Kila mtu anajua: hapa neno hilo linaweza kukupeleka jela. Akarudi kwenye kiti chake, upande wa kamba aliopangiwa, na Mama Zaina akamwita kwa ishara kutoka upande wa pili akimwonyesha andazi lake lililokuwa gumu, akijifanya anavunjika meno. Laurence hakuweza kucheka.

*

Sufuria zilirudi jioni hiyo hiyo zikimetameta. Ndagijimana alizipiga kwa kidole zikalia.

"Haya. Zimeoshwa vizuri kuliko unavyooshaka weye."

Laurence akamweleza. Ndagijimana akakaa kwenye kigoda chake cha kushonea viatu, akafikiri kwa muda mfupi sana.

"Sabuni imepita."

"Papa Gasaro!"

"Nasema sabuni imepita. Shefu amesema usiseme. Mimi kibanda yangu iko kando ya njia, akitaka inatolewa kesho. Na wakwe banakuya. Unataka nini, bakwe baone nusu ya kichochoro hawagusi chakula ya mutoto wako?"

Gasaro alisikia yote kutoka chumbani. Akatoka na nywele zimesukwa nusu. "Mama, kule kwao banaangalia kwanza nani anakula kwenu. Bakisema majirani wamekataa sahani, nitaitwa hivyo mpaka nizeeke. Bibi ya harusi wa chakula ya kukataliwa."

"Jumamosi Papa Zaina atachinja mbuzi na mukono yake," Laurence alisema. "Kisha mi nipike nyama yake mu nguruwe, nimupe sahani, nimwambie karibu?"

Ndagijimana akachukua kiatu kilichokwisha kushonwa akaanza kukishona tena.

Laurence alikwenda peke yake, nyumba ya tatu. Jua lilikuwa bado juu ya Bukavu. Habimana alikuwa amerudi kwenye jezi yake, yuko kwenye cherehani, na kitambaa kilichokuwa chini ya sindano kilikuwa gauni la Gasaro la kuagia. Mama Zaina alikuwa anakata sombe, majani ya muhogo. Laurence aliwaambia habari ya nguruwe akiwa amesimama, haraka, bila kukaribia kiti. Kanyagio la cherehani likasimama.

Mama Zaina ndiye aliyeongea kwanza. "Tuliziweka kwako. Kwako!"

"Ndiyo."

"Uliona saa ngapi?"

"Saa ya kula."

"Saa ya kula nilikuwa nakuchekesha na andazi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukanyamaza ju ya nini?"

"Ju ya Shefu. Alisema nitaleta mgawanyiko."

Mama Zaina akaweka kisu chini. "Shefu njo alikaa na mimi kliniki wakati Zaina alikuwa na malaria? Shefu njo jirani yako? Basi akuletee mwiko yake Jumamosi."

Habimana alivuta gauni kutoka kwenye sindano, akalikunja vizuri, pindo moja halijaisha, akaliweka kwenye mikono ya Laurence. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Mama Zaina.

*

Ijumaa asubuhi wanawake huja kumenya ndizi kwa mwenye harusi. Hawaitwi. Kila mmoja anakuja na kisu chake. Walikuja Mukamusoni na wengine wa kanisani, wakakaa kwenye mkeka, na nusu ya mkeka ikabaki wazi. Mama wa bwana harusi, aliyefika mapema kutoka Bugarama na kikapu cha mchele mwingine, aliutazama mkeka huo.

"Mwanangu alisema kwenu kuna watu," alisema taratibu.

"Bako," Laurence alijibu. "Banakuya."

"Eh. Mbali?"

Nyumba ya tatu. Ukipiga chafya wanakuitikia. Laurence aliinamisha kichwa kwenye ndizi, akamenya na ngozi ya kidole. Gasaro alikuwa amejifungia ndani na gauni lenye pindo moja linaloning'inia.

Baada ya sala ya mchana, watu wakasikia ndoo inakwaruza mawe. Habimana alikuwa anakuja, kanzu yake mwenyewe ya Ijumaa imekunjwa hadi kiunoni, na ndoo ilikuwa imejaa udongo mwekundu.

"Mama Gasaro. Toa hizo sufuria inje."

"Papa Zaina..."

"Toa. Nimeuliza pale msikitini. Nilimwambia mwalimu: jirani yangu amekuja mwenyewe kuniambia, hakuna aliyemwona. Akasema kama amekuja mwenyewe, kwa nini unaniuliza kuhusu jirani? Uliza kuhusu sufuria." Akamwaga udongo chini. "Maji saba. Ya kwanza na udongo. Basi. Ni sufuria, si moyo wa serikali."

Mama Zaina alikuwa nyuma yake, mikono ya gauni imekunjwa, na nyuma yake wanawake wengine watano wa upande wao. Hakumsalimia Laurence. Alipita, akachuchumaa mbele ya sufuria ya kwanza, akachota udongo kwa viganja vyote viwili. Mukamusoni akaacha ndizi akaenda kwenye ya pili. Mama wa bwana harusi akauliza ni nini, na safari hii Laurence alimweleza yote mbele ya watu, nguruwe na fanta na kamba na kanzu ya mtoto. Mkwe alisikiliza hadi mwisho, akavua viatu vyake vya safari.

"Nipeni na mimi maji," alisema.

Walikuwa wamemaliza maji ya sita, njia yote ni tope jekundu, gari lenye vioo vyeusi lilipotokea na kusimama, kama kawaida, katikati.

*

Muhigirwa alishuka na mpiga picha. Mgeni alibaki ndani, anasindikizwa uwanja wa ndege, lakini alitaka kukiona kichochoro cha mfano kabla ya kuondoka.

"Lakini hii ni safi kabisa!" Muhigirwa alipiga makofi. "Mitandio na misalaba, wanaosha pamoja! Rudieni kidogo. Mama, wewe wa mtandio, sogea karibu na huyu. Tazameni huku."

Hakuna aliyesogea. Ndagijimana peke yake alisimama wima.

Habimana aliinuka, mikono myekundu hadi viwiko. "Shefu, umefika saa muzuri. Bado maji ya saba."

"Endeleeni, endeleeni."

"Hapana. Ya saba ni yako. Aliyeingiza njo anamaliza. Sheria iko vile. Bila weye hatuwezi kula."

Mama Zaina aligeuka kumtazama mume wake. Sheria hiyo haiko kwenye kitabu chochote, na yeye alisoma madrasa kuliko huyo mwanamume. Alifunga mdomo akakaza midomo ili isimsaliti.

"Mzee, usinitanie. Mimi nina suti."

Kioo cheusi kikashuka. "Muhigirwa, kuna nini?"

Kabla Muhigirwa hajafungua mdomo, Laurence alikwishafika dirishani na sauti tamu ya kanisani. "Ni desturi yetu, Mheshimiwa. Ya umoja. Mukubwa njo anaosha maji ya mwisho."

"Aa! Nzuri sana hiyo. Endelea, Muhigirwa. Piga picha!"

Muhigirwa alimwangalia Laurence. Laurence alimwangalia Muhigirwa. Angesema nini sasa? Kwamba sufuria zinaoshwa kwa nini? Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyemla nguruwe huyo, na alijilamba vidole.

Akachuchumaa. Suti ililia mahali fulani nyuma. Laurence akachukua jagi akamwagia maji, mengine kwenye sufuria, mengine kwenye mikono ya koti.

"Ata chini, Shefu. Ku kona."

"Hapo, hapo hujafika," alisema Mukamusoni.

"Nguvu, Shefu! Sijui ulikula nini jana, hauna nguvu," alisema Mama Zaina, na hapo mwanamke wa Bugarama alilazimika kuingia ndani kwa sababu ya kicheko. Muhigirwa alisugua, meno yote nje kwa ajili ya picha, jasho na masizi vikimshuka shingoni hadi kwenye kadi yake. Kisha Habimana akaonyesha sufuria ya pili.

"Mwiko ulikuwa moja, Shefu. Mpishi wako anajua."

Gari lilipoondoka, Mama Zaina alikaa kwenye ile nusu ya mkeka, akatoa kisu chake, akavuta mkungu wa ndizi. Alimenya tatu. Kisha akasema, bado hamtazami Laurence, "Leta lile gauni. Papa Zaina hakumaliza pindo."

Jumamosi walikula wote. Wakwe waliona sahani zinarudi tupu kutoka kila nyumba.

*

Msidhani Muhigirwa aliaibika. Watu wa namna hiyo ukiwapaka tope wanaliita nishani. Mwezi haujaisha, bango kubwa liliwekwa karibu na kituo cha mabasi cha Kamembe: yeye, amechuchumaa, ameshika sufuria ya kichochoro, chini yake maneno makubwa kuhusu kiongozi mnyenyekevu anayeunganisha tamaduni. Inasemekana alipandishwa cheo kwa picha hiyo. Ile kanzu ya mtoto na ile kamba havionekani kwenye bango.

Ndagijimana akipita pale hujinyoosha.

Laurence na Mama Zaina hupita wakienda soko, vikapu kichwani. Wanapofika chini ya ile sura yenye meno, Mama Zaina hatazami juu. Anaangalia mbele kama mtu mwenye heshima zake, na anatoa puani mlio mmoja tu, mzito, wa nguruwe aliyeona ganda la ndizi. Laurence anamjibu kwa mwingine. Vijana wenye fulana, wanaokaa pale kugawa karatasi, hudhani akina mama hao wana mafua.